Mkate wa Msafiri

Mkate wa kwanza asubuhi ile ulitoka tanurini umeng'atwa.

Zulhumor aliugeuza hadi ukamuunguza vidole. Alikuwa ameupiga muhuri wa nakshi katikati, akaubandika mwenyewe ukutani mwa tanuri, mzima, na hakubanduka pale mdomoni pa tanuri. Sasa ukingoni palikuwa na alama ya meno, nayo imeiva sawasawa na mkate wote.

"Panya wa Kiuzbeki hao," akacheka Mama Raushan, jirani wa Kikazakhi aliyekuwa mteja wao wa kwanza kila siku. "Mmehama nao kutoka kwenu?"

Zulhumor akacheka naye. Miaka sita katika mji ule mdogo wa nyika ya Wakazakhi ilikuwa imemfundisha kucheka na wateja. Alifika peke yake kutoka Andijan, mji wa Wauzbeki, akamkuta Ergash, Muuzbeki mwenzake, akikanda unga wa watu sokoni. Wakaoana, wakajenga tanuri lao. Watoto hawakupata, kwa hiyo duka ndilo walilolilea.

Kesho yake ukatoka mwingine umeng'atwa. Siku ya tatu ikaja na harufu ya majani mabichi ya rehani, na nje theluji imefika magotini. Siku ya saba Zulhumor akaona jambo ambalo heri asingeliona: katika alama ile palikosekana jino moja, upande wa kushoto. Akamtazama mumewe akinywa chai, na pengo lake upande huohuo.

"Ng'ata hapa pembeni," alimwambia.

"Una nini wewe leo?"

"Ng'ata, Ergash."

Aling'ata. Alama mbili zikakaa bega kwa bega, pacha. Ergash akakaa juu ya gunia la unga.

"Ni Oysara," alinong'ona.

"Oysara ndiye nani?"

"Mke wangu. Wa kabla yako. Rehani hiyo ndiyo aliyokuwa akiipanda mlangoni. Siku naondoka kuja kutafuta kazi alinishikia mkate, nikaung'ata."

Zulhumor hakuhitaji kuelezwa zaidi. Kwao kila anayesafiri hung'ata mkate, nao hutundikwa ukutani kumsubiri arudi aumalize.

"Uliniapia hujawahi kuoa!"

"Amekufa, Zulhumor. Kabla theluji haijaanza. Kaka yake alinipigia simu niende kuzika, nikamjibu duka halina mtu wa kuliangalia." Akautazama mkate. "Anasema miaka saba dada yake alikuwa akiupangusa vumbi mkate ule kila Ijumaa."

Zulhumor alimchukia papo hapo, na papo hapo akaogopa kumpoteza. Hakuwa na mtu mwingine duniani.

Ndipo ukasikika mlio wa viganja vikipiga donge la unga, pa, pa, pa, kutoka ndani ya tanuri lililokuwa limeshapoa.

"Umalize!" Zulhumor alimsukumia mkate. "Amefuata huu. Uishe, atuachie nyumba yetu."

Ergash akala, na mkate uliotoka motoni asubuhi ileile ukawa mkavu mdomoni mwake kama uliotundikwa miaka saba, ukamkwaruza fizi mpaka damu ikamchuruzika ndevuni, naye akazidi kutafuna huku machozi yakimtoka, na rehani ikazidi kunukia, na viganja vikazidi kusogea, vikatoka tanurini, vikapita kwenye magunia, vikaja mpaka nyuma ya bega lake, pa, pa, pa, hadi alipomeza kipande cha mwisho.

Kimya.

"Umekwisha," Zulhumor akashusha pumzi. "Umekwisha, mume wangu."

Ergash alijipangusa uso kwa viganja viwili, kama mtu aliyefika salama kutoka mbali. Kisha akamtazama kwa upole, upole ule wa kumtazamia mteja.

"Karibu, dada. Unataka mingapi? Subiri kidogo, Oysara anaitoa."

Zulhumor akamtikisa. Akamwita kwa jina, akalia, akampiga kifuani. Ergash alizidi kumtazama akimwonea huruma. Hapo Zulhumor akatambua kosa lake: anayemaliza mkate wake amekwisha kurudi nyumbani, na yeye mwenyewe ndiye aliyemlisha.

Akakimbilia kikapuni, akachukua mkate mzima, akauweka kwenye midomo ya mumewe.

"Ng'ata! Kidogo tu, nikutundikie!"

Ergash akageuza uso pembeni, taratibu, kwa haya ya mwanamume aliyesogelewa na mke wa mtu.

"Hapana, dada. Mimi sisafiri tena. Nimesharudi."