Mkungu wa Kumshukuru Kamanda

Atuganile wa Kyimo ana kasoro moja: hawezi kumwacha mtu aondoke mikono mitupu. Kwa hiyo mwanawe, Jackson, aliposema amepata kazi nchi ya mbali na Jumamosi anasafiri, mama alichukua panga, akaingia shambani. Alikata mkungu wa ndizi uliokuwa mkubwa kuliko yote. Akamwambia ampelekee bosi wake, ndiyo shukrani.

Jackson alijikuna kichwa. "Mama, Kamanda hapokei zawadi."

"Kamanda ndilo jina alilopewa na mama yake?"

Jackson hakujua. Kwao Kamanda hakukujua, wala sura yake hakuwahi kuiona. Waliandikiana kwenye simu tu. Kamanda aliahidi mshahara mnono. Kisha akataka iwe siri. Kisha akamwambia Jackson asahau ndugu zake, maana ndugu yake sasa ni yeye.

Atuganile aliketi kando ya mkungu wake, akawaza. Mtu gani huchukua mtoto wa watu bila kuja kusalimia?

Akamshika Jackson mkono hadi kwa jirani yao Prisca, polisi wa kata. Getini nusura arudi. Je, wakimfunga mwanawe? Lakini kumpoteza kabisa kulimtisha zaidi, basi akabisha hodi.

Prisca alisoma ujumbe wote taratibu. Akamwambia Jackson asifute hata mmoja.

"Hii si kazi," alisema. "Vikundi vya kigaidi hukusanya watu hivi hivi. Kiongozi anajificha. Vijana ndio wanaotangulizwa kuua na kufa."

"Si mumkamate huyo kiongozi, yaishe?" Atuganile aliuliza.

"Tutamtafuta, mama Jackson. Lakini akikamatwa, mwingine hukalia kiti chake. Akikosa vijana, anabaki mtu mmoja na simu yake."

Kuhusu kufungwa, Prisca alimtoa hofu. Jackson hajafanya kosa. Amesema mapema, na atawasaidia wengine.

Na kweli aliwasaidia. Jumamosi, wakala wa Kamanda alikamatwa stendi ya Tukuyu akimsubiri Jackson. Alikuwa na kijana mwingine wa Igogwe, ambaye alirudishwa kwao siku hiyo hiyo. Mama yake alilia kwa furaha.

Mkungu je? Prisca alikataa kuubeba, akasema polisi hapokei zawadi. Atuganile akaupika wote, akaita majirani. Jackson akawasimulia vijana wenzake kisa chote. Walimcheka sana, kisha wakaanza kumwonyesha ujumbe waliotumiwa wao.

Siku hizi anayemtaka Jackson kazini lazima kwanza aje nyumbani. Mwezi uliopita alikuja Meshaki, fundi seremala wa Ibighi. Alitaja jina lake na la baba yake, akaeleza karakana yake ilipo, akala ndizi akamaliza sahani.

Alipoaga, Atuganile alikuwa tayari ametoka shambani na mkungu.

"Ndaga fijo, mama," Meshaki alishukuru, akaubeba begani.