Bibi Mal-sun Asoma Kabla ya Kusaini

Kila Jumanne na Alhamisi asubuhi, Bibi Kwak Mal-sun alifunga ghala lake la vitunguu saumu, akaenda ukumbi wa kijiji kujifunza kusoma. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Utotoni kaka zake walipelekwa shule, yeye akaachwa alee wadogo.

Lakini uwanja wa ndege ulikuwa jirani. Kila ikifika saa nne, mafundi walijaribu injini kando ya uzio. Madirisha yalitetemeka. Mwalimu Seo-rin alifungua mdomo, sauti isisikike.

"Twende tukalale langoni kwao!" mwanafunzi mwenzake Bun-rye alifoka.

"Na magoti hayo, shoga, nani atakuinua?" Mal-sun akamtania. Darasa zima likacheka.

Mwalimu akauliza, "Mwaka jana mlipokwenda kulalamika, mlipata nini?"

"Chai ya shayiri na pole nyingi!"

"Basi safari hii andikeni. Siku gani, saa ngapi, dakika ngapi, kelele imezuia nini. Tuwaombe walete kipimo cha kelele. Halafu tujue tunachotaka. Ukisema unateseka, utapewa pole. Ukisema injini zihamishwe mahali fulani, lazima wajibu ndiyo au hapana."

Wakaandika wiki sita. Herufi zilipinda, lakini zilisomeka. Bun-rye aliandika: "Alhamisi. Dakika kumi na mbili. Sikumsikia mwanangu kwenye simu."

Walipompelekea madaftari meneja wa uwanja, Bwana Noh, alifunua kurasa polepole.

"Nani kaandika haya?"

"Sisi wenyewe," Mal-sun akajibu.

"Lakini mama, uwanja hauwezi kufungwa."

"Nani kasema ufungwe? Wajukuu zangu huja kwa ndege. Hamishieni majaribio ya injini upande wa mashariki. Kule hakuna nyumba."

Kipimo kikaletwa, kikakaa ukumbini wiki nzima. Kikakubaliana na madaftari yao. Bwana Noh akarudi na mkataba.

Bun-rye alikwisha kushika kalamu. "Ngoja kwanza," Mal-sun akamzuia.

Alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Hakuwahi kusoma karatasi ya wakubwa. Kwenye aya ya tatu kidole kikasimama.

"Bwana Noh, hapa mmeandika mtahamisha 'ikiwezekana.' Nani ataamua kama imewezekana?"

Bwana Noh akajikuna kichwa. "Sisi, mama."

"Basi lifuteni. Wekeni tarehe. Na muandike kwamba tutakutana kila miezi mitatu."

Bwana Noh akacheka, akafuta, akaandika: tarehe mosi Mei. Mal-sun akasoma tena tangu mwanzo. Kisha, badala ya dole gumba, akaandika jina lake lote.

Tarehe hiyo ilipofika, majaribio ya injini yalihamishwa. Ndege ziliendelea kuruka, na ngurumo zao hazikwisha. Lakini saa nne sasa mwalimu alimaliza sentensi yake.

Juni ikaja, na wanawake wa kijiji cha pili wakabisha hodi kwa Mal-sun. Nao walikuwa wakisumbuliwa na kelele.

"Ulimwambia nini yule meneja hata akakubali?" waliuliza.

Mal-sun akawapa daftari jipya na penseli. "Kaeni," akasema. "Leo ni siku gani? Anzeni na hiyo."