Ngoma Iliyokatizwa

Tak.

Mashavu alifumbua macho gizani. Sauti ilikuwa moja tu, kavu, kama ukucha juu ya ubao wa kitanda. Mumewe, Hiza, alikuwa usingizini. Kiharusi kilikuwa kimeua mkono wake wa kulia na kumnyang'anya maneno, lakini sasa kidole cha mkono ule ule kilijiinua chenyewe. Tak. Vingine vikafuata, na chumba kikanuka ubani ambao hakuna aliyeuchoma.

Mashavu aliujua mdundo ule. Aliukamata mkono, akaubana mpaka ukatulia, ukawa baridi.

Asubuhi walipanda tena basi kutoka Handeni hadi Korogwe. Katika zahanati moja wageni walikuwa wameleta mashine ya majaribio: sumaku inayoamsha ubongo bila kupasua kichwa. Justa, mtaalamu wa viungo, alimwekea Hiza kichwani duara la waya. Mashine ililia tak, tak. Mkono haukutikisika.

"Juzi vidole viliruka," alisema Justa. "Mama, mmefanya nini nyumbani?"

"Mwanangu," Mashavu alinong'ona, "mashine yako inaamsha mkono, au kilichomo?"

"Sumaku tu, mama. Pepo gani atakubali umeme wetu huu wa kubahatisha?"

Mashavu hakucheka.

"Mkono huu ulipiga ngoma za waganga. Binti yetu alipandisha pepo, mganga akamuuliza pepo jina. Kwetu ngoma haikatizwi mpaka pepo ajitaje. Baba yake akaona damu puani mwa mtoto, akaacha kupiga. Mtoto akafa kabla ya jibu. Tangu siku hiyo hatulitamki jina la mtoto. Tunaogopa kitakachoitika."

"Na nyumbani mmefanya nini?"

"Jana usiku mkono ulipiga mdundo ule. Nikaubana."

Justa alifungua kinywa, na umeme ukakatika. Feni ikazunguka polepole, ikasimama. Taa za mashine zikafa.

Tak.

Vidole vya Hiza vilikuwa juu ya meza. Mashavu alinyoosha mikono avibane tena, lakini mumewe alimtazama, machozi yakimtiririka, akatikisa kichwa, na Mashavu akaelewa kwamba akiubana mara hii mkono hautarudi kamwe, na akiuacha ngoma itafika mwisho wake, naye hakujua mwisho huo umemsubiri nani miaka yote hiyo. Akairudisha mikono mapajani. Mdundo ukapanda, ukajaa chumba, ukatikisa vikombe na kioo cha dirisha, na ubani ukawa mzito hata Justa akaziba pua, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, na mkono uliokufa ukapiga kwa wepesi wa mkono wa kijana, ukapiga, ukapiga, kisha ukakoma.

Mganga hakuwapo. Swali likabaki la mama.

"Unaitwa nani?"

Midomo ya Hiza, iliyokuwa bubu tangu kiharusi, ikafunguka. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto wa kike.

"Yusra, mama."