Dereva Hajapatikana

Feni ya laptop ilianza kuzunguka siku ya Jumanne, jua la saa sita likiwa utosini, na laptop yenyewe ilikuwa imezimwa. Tena imezimwa kwelikweli. Scola alikuwa amechomoa chaja, akaifunga, akaweka bahasha juu yake ili apanguse meza. Bahasha zikaanza kutetemeka.

"Dada," akaita kwa sauti ya chini, "hii kitu inapumua."

"Inapumua nini? Ina joto hiyo. Iache ipoe." Melania alikuwa anakata kadi za harusi ya watu, hakugeuka hata shingo.

Melania hakuwa mwanamke wa kushtukashtuka. Steshenari yake pale Gungu ilikuwa na miaka sita, na kwa miaka hiyo alikuwa ameshindana na umeme, panya, na wateja wanaotaka barua ya kazi iandikwe huku bodaboda inaunguruma mlangoni. Ulimi wake watu waliujua. Lakini pua ilimsaliti. Harufu iliyotoka ubavuni mwa laptop ilikuwa ya tope la ziwani na dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka, na kutoka pale dukani mpaka majini si karibu. Akasogeza kiganja. Feni ya laptop hutoa hewa ya moto, hata mtoto anajua. Hii ilikuwa baridi, na kiganja kikalowa.

"Yebabawe," akasema, akajifuta kwenye kitenge.

Turudi nyuma kidogo, maana jambo halianzi siku linapoonekana. Jumamosi iliyotangulia walimwita Elikana, fundi kompyuta kutoka mjini, kwa sababu laptop ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga na ukibonyeza herufi unaweza kwenda kunywa chai, ukarudi ukaikuta bado inafikiri. Elikana akaipuliza vumbi, akaweka windo mpya, yaani programu kuu ya kuiendesha, kisha akakuna kichwa.

"Dada Melania, haina draiva."

"Haina nani?"

"Draiva. Windo haivitambui vifaa mpaka ipate draiva."

Melania akacheka mpaka akashika meza. "Jamani! Kama ni dereva tu, unahangaika nini? Dereva wake si huyu hapa, mdogo wangu! Nakupa Scola, akae, aendeshe."

"Na memori ni ndogo. Ninayo nyingine hapa, tuipandishe?"

"Ipandishe! Ipandishe mpaka juu kabisa!"

Wakacheka wote watatu, Elikana akaipachika ile memori. Ilikuwa saa sita juu ya alama. Feni nayo ikakohoa kidogo, wakadhani ni vumbi.

Mtu wa Ujiji, anayeyajua mambo ya majini, angemziba mdomo palepale. Kupandisha ni neno la kuangalia unalitupa wapi. Kompyuta hupandishwa, sawa, lakini majini nao hupandishwa, na jini akishapanda hutaka kiti, na kiti chake ni mtu. Melania alikuwa amemtoa mtu na kuamuru kupandisha kwa pumzi moja, kisha akaenda kununua mihogo.

Basi Jumatano saa sita yakatokea maandishi. Laptop ile maisha yake yote iliongea Kiingereza, ila siku hiyo skrini ikawa nyeusi na katikati pakaandikwa: DEREVA ANATAFUTWA. Melania akaizima, akaiwasha, ikaendelea na kazi kama haijui kitu. Alhamisi saa sita ileile, skrini ikawa nyeusi tena. DEREVA AMEPATIKANA.

Scola alikuwa kwenye kiti. Alikuwa anaandika ratiba ya kikao cha harusi, na Melania, aliyesimama nyuma yake, akaona vidole vya mdogo wake vinaongeza mwendo, vikaongeza tena, mpaka kibodi ikawa inasikika kama mvua kwenye bati, na kichwa cha Scola kikalalia begani, macho yamefumbuka lakini hayatazami popote, na kwenye skrini ilikuwa inajiandika mistari ambayo haikuwa ya kikao wala ya harusi, nilikuwa chini, kuna baridi chini, nilikaa bila mikono, sasa nina mikono, sasa nina mikono, sasa nina mikono, na feni inavuta pumzi na kuitoa, inavuta na kuitoa, sawasawa kabisa na kifua cha Scola.

Melania akampiga kibao cha mgongo. Scola akashtuka, akatazama vidole vyake. Vilikuwa vimejikunja, vimeparara kama vya mtu aliyefua kutwa nzima.

"Dada, nilikuwa wapi?" akanong'ona. Akaanza kulia.

Hapo Melania akaogopa. Kisha hasira ikaja juu ya woga. Wazazi wao walikuwa wamelala kaburini Kidahwe. Scola ndiye aliyebaki, na ni yeye, Melania, aliyemtoa kwa mzaha.

Elikana aliitwa jioni ileile. Alipofungua kifuniko cha chini, mchanga ukamwagika mezani, mchanga mbichi wa ufukweni, na maji yake. Bisibisi ikamdondoka.

"Sema," Melania akamwambia. "Ile memori uliitoa wapi?"

"Dada, naomba unisamehe."

"Nimekuuliza ulikoitoa."

"Kwenye laptop iliyozama." Elikana alinong'ona, jasho linamtoka. "Mtumbwi ulipinduka huko ziwani, wavuvi wakaiopoa na nyavu baada ya miezi. Nikaianika juani. Memori ikawaka, nikaona ni bahati."

"Ya nani?"

"Mwenyewe hakuonekana."

Akanyoosha mkono kuichomoa. Kule ndani Scola, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, akapiga ukelele mmoja tu na pumzi zikakata. Elikana akauondoa mkono. Pumzi zikarudi.

Jumamosi asubuhi Bi Zaituni, mtoa majini waliyemwita, akaja kutoka Ujiji kwa bajaji, mama mtu mzima mwenye chetezo, udi na maneno machache.

"Shikamoo, Bi. Ila nikwambie mapema, mimi ni Mkatoliki," Melania akasema.

"Marahaba, mwanangu. Jini hakukuuliza dini alipopanda." Akamtazama Scola, akatazama laptop iliyokuwa inahema mezani. "Amekaa tangu lini?"

"Jumamosi iliyopita, saa sita."

"Basi mna mpaka saa sita ya leo. Akitimiza juma, huyu binti harudi tena. Mtabaki na mwili unaoandika."

Udi ukafukizwa. Duka likajaa moshi, lakini harufu ya tope ikaupita moshi. Bi Zaituni akasoma, akapuliza, akaamuru. Scola akaketi wima kwenye kiti na kutoka kinywani mwake ikatoka sauti ya mtu anayeongea huku maji yamejaa kooni.

"Sitoki. Sikuiba kiti. Nilipewa na mwenyewe."

Bi Zaituni akaweka chetezo chini. Akamgeukia Melania polepole. "Anasema kweli?"

Melania akaitikia. "Kweli."

"Basi mimi kazi yangu imeishia hapa. Siwezi kukana neno la mtu mwingine. Aliyempandisha ndiye amshushe."

Saa ya ukutani ilikuwa inasoma saa sita kasoro dakika nne. Melania akaokota bisibisi ya Elikana, akavuta kigoda, akaketi mbele ya mdogo wake uso kwa uso.

"Haya. Wewe. Mimi ndiye niliyekupa."

"Niache," sauti ikasema. "Nitakuandikia usiku na mchana. Watu watatoka mpaka Kasulu kuja kwako."

"Ninao wateja."

"Ukinichomoa nafuta kila kitu. Kazi zako zote za miaka sita."

"Futa! Futa hata sasa hivi, unangoja nini? Vyeti nitaviandika upya, kadi nitaziandika upya. Mdogo wangu nitamwandika upya na nini?" Skrubu zilikuwa zinatoka, moja, mbili, tatu. "Ulipanda kwa neno langu, basi sikia jingine. Nilikosea! Nilitania! Huyu si dereva wako na si kiti chako, huyu ni mtoto wa mama yangu. Nakushusha. Shuka!"

Feni ikalia kwa nguvu mpaka karatasi zikaruka rafuni, maji yakachuruzika mezani yakamlowesha mapajani, vidole vya Scola vikamshika koo na kukaza, na Melania, badala ya kuvibandua, akatumia mikono yote miwili kuing'oa ile memori, akaivuta kama mtu anayeng'oa jino, huku akisema kwa sauti iliyobaki kidogo tu, shuka, shuka, shuka, mpaka ikatoka.

Feni ikasimama. Vidole vikalegea.

Kisha Scola akapepesa macho. "Dada," akasema, sauti yake mwenyewe, kavu, "hivi mmekula? Nina njaa."

Melania akamkumbatia akalia kwa sauti, bila aibu, mbele ya wote.

Elikana alilazimishwa kuipeleka memori mwenyewe, ndani ya kopo, mpaka maji marefu, na Melania alikaa naye mtumbwini kuhakikisha. Bi Zaituni akashauri laptop nayo itupwe.

"Ya nini? Duka langu, laptop yangu. Kama kuna wa kuhama, si mimi."

Kazi za miaka sita zilifutika kweli. Anaziandika upya. Memori ya zamani imerudishwa, laptop inakwenda kwa mwendo wa kinyonga, na mteja akimwambia, "Mama, si uipandishe hii?" anamkazia macho mpaka mtu anaomba radhi kwa kosa asilolijua.

Na kila siku, jua likifika utosini, skrini huwa nyeusi, ubavuni hutoka hewa baridi yenye harufu ya tope, na maandishi hutokea katikati: DEREVA HAJAPATIKANA.

Scola huinuka akatoka nje. Melania huketi kwenye kile kiti, akainama mpaka pua karibu iguse kioo.

"Na hatapatikana," anaiambia, kisha anaendelea na barua ya mteja.