Harufu ya Tanuri

Walikutana sokoni, fundi cherehani amekumbatia gauni jeupe la bibi harusi, kijana akamkanyagia upindo. Aliomba radhi mpaka fundi akacheka. Shati lake lilinukia sabuni.

Tangu hapo simu hazikukatika. Kijana alimweleza kazi yake: huyeyusha metali pamoja tanurini, ndani ya mrija wa kioo, kisha huzipooza taratibu, fuwele moja, kama punje kubwa ya chumvi, ikue ndani ya uji ule wa moto.

"Nikiharakisha inavunjika, napata makombo," alisema. "Ndiyo maana na wewe sikuharakishi, mpenzi."

Siku ya kwenda kujitambulisha kwa shangazi aliyemlea fundi, kijana alifika akinuka kitunguu saumu kilichooza. Uvundo ulitoka kinywani, ukatoka hata kwenye jasho. Aliapa hajala kitunguu. Shangazi alifungua madirisha, akabana pua kwa kanga, mwisho akakimbilia uani kutapika. Aliporudi akasema mume wa namna ile haingii kwake.

Fundi alitaka kumtetea. Lakini alipomfuata kazini, mlango ulifunguliwa na dada mmoja mrembo mwenye koti la kazi, na mdomo wake ulitoa uvundo uleule. Kumbe wanakula sahani moja, na labda si kula tu. Akageuka, akaondoka. Simu za kijana hakuzipokea tena.

Kisha mlinzi wa pale kazini akaleta suruali ishonwe. Naye alinuka. Fundi akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Usinishangae, mwanangu," mzee alisema. "Kijana wetu alitoa mrija tanurini kabla haujapoa, ukapasuka. Tuliokimbilia kuzima tumevuta moshi wa teluriamu, mojawapo ya vitu anavyoyeyusha, sote tunanuka hivi mpaka uishe mwilini. Mke wangu kanihamishia sebuleni."

Fundi alipiga simu palepale.

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Kwamba niliharakisha nimuwahi shangazi yako? Niliona aibu."

Kijana alikuja, akasimama ng'ambo ya barabara, simu sikioni. Fundi alikaa dirishani. Upepo ulimletea uvundo, akaziba pua.

"Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali. Shangazi nitamweleza mimi."

Kijana akashuka barabarani kuvuka.

"Rudi hapohapo," fundi alisema kwa sauti ya puani. "Poa kwanza. Sitaki makombo."