Tulimtafuta kwa Jina la Mjomba

Nyumbani kwetu Bigwa, mama yangu humwita mwanawe wa kwanza kaka. Mgeni akisikia hucheka. Sisi hatucheki, kwa sababu ndiyo mila ya ukoo wetu.

Mjomba Banzi alipofariki, wazee walikaa wakatafuta mpwa wa kurithi jina lake. Wakamchagua kaka yangu. Siku ya kumaliza matanga alivikwa kanzu ya marehemu, na tangu hapo akawa Banzi. Mama akawa dada yake. Na mimi nikaanza kumwita mjomba, ingawa amenizidi miaka minne tu na bado ananifichia viatu akitaka kunichokoza. Jina alilopewa na baba liliwekwa kando. Kumwita kwa jina hilo ni kumkosea marehemu. Miaka mitatu ilipita, hakuna aliyelitamka.

Banzi ana kifafa tangu utotoni. Humeza kidonge asubuhi na jioni. Akimeza, hana shida. Analima, anabeba magunia, anacheza mpira. Akikosa dawa siku moja au mbili, anaanguka. Kwa hiyo kila asubuhi, mama akimenya magimbi, mimi huweka kidonge kwenye kisahani karibu na kikombe cha chai.

"Mpwa wangu, umeajiriwa na hospitali?" Banzi huniuliza.

"Meza, mjomba. Maneno baadaye."

Mwaka huu alikwenda Dakawa kufanya kibarua cha kupalilia mpunga. Nilimfungia dawa zake kwenye mfuko. Zilizobaki niliziacha kwenye kopo nyumbani. Kila jioni nilimpigia simu kumkumbusha. Jumanne jioni simu yake haikupatikana.

Jumatano saa mbili asubuhi alipiga Joseph, kijana anayelala naye kambi moja.

"Dada Semeni, Banzi kakamatwa jana jioni."

"Kafanya nini?"

"Watu waligombana kwenye mfereji, kila mmoja anataka maji yaende shambani kwake. Banzi alikwenda kuamua. Polisi walipofika wakabeba wote waliokuwepo pale. Karandinga lilielekea mjini."

"Na dawa zake?"

"Mfuko wake ninao mimi, dada. Uko hapa kambini."

Basi jana jioni hakumeza. Na asubuhi hii hakumeza. Sikumwambia mama hesabu hiyo, lakini nilimwona naye anaipiga. Alifunga kanga, nikachukua kopo la dawa, tukaenda mjini.

Kwenye kituo cha kwanza tulimkuta askari kijana kaunta. Alisimama alipomwona mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta kaka yangu. Alikamatwa jana Dakawa."

"Anaitwa nani?"

"Banzi Mloka."

Askari alifungua kitabu kikubwa, akashuka na kidole kwenye majina. "Ana umri gani, mama?"

"Ishirini na sita."

Kidole kilisimama. Askari alitazama mvi za mama. "Huyo ni kaka yako?"

"Ndiyo. Tena ni mkubwa wangu, usimdharau."

Nilimwona askari anauma mdomo asicheke. Hata hivyo alirudi juu ya ukurasa, akasoma tena taratibu mpaka chini.

"Mama, sikufichi kitu. Humu hakuna Banzi. Jaribuni kituo kingine."

Tulikwenda kituo kingine. Nako hakukuwa na Banzi. Tulipotoka, mama alikaa kwenye ngazi, akashika magoti.

"Ameanguka njiani," alisema. "Ameanguka ndani ya gari, na hakuna mtu wa kumlaza ubavu. Semeni, twende tukaulize chumba cha maiti."

Lakini nilimwambia, "Mama, huko hatuendi kabla hatujamwona Mama Kelvin."

Mama Kelvin ni jirani yetu. Jina lake ni Jesca. Ni msaidizi wa kisheria: alipata mafunzo, na huwaelekeza watu mambo ya polisi na mahakama bila malipo. Tulimkuta uani anachambua maharage. Alitupa vigoda, akasikiliza mpaka mwisho bila kutukatiza.

"Mliuliza jina gani?"

"Banzi," mama alisema.

"Na kitambulisho chake cha taifa kimeandikwa nani?"

Mama aliangalia chini. Mimi nikaangalia maharage.

"Mbona mmekuwa kama wakwe mezani? Hana kitambulisho?"

"Anacho," nilisema. "Ila jina lile hatulitamki." Nikamweleza habari ya kurithi.

Mama Kelvin aliweka ungo chini. "Jamani, miaka miwili tunaombana chumvi, na mimi najua ni Banzi tangu kuzaliwa. Haya, Semeni, usilitamke. Liandike."

Nilichukua kalamu ya Kelvin, nikaandika: Rehani Athumani Said. Niliandika upesi, kana kwamba naiba kitu.

"Sikilizeni," alisema Mama Kelvin. "Kila anayefikishwa kituoni huandikwa kitabuni. Huandikwa jina, umri, kosa analotuhumiwa, siku na saa aliyoingia. Jina huchukuliwa kwenye kitambulisho, siyo kwenye matanga. Afande hakuwadanganya. Banzi hayumo. Rehani huenda yumo."

Mama alishtuka kulisikia.

"Mkifika, mtajeni majina yote matatu. Mseme alikamatiwa wapi, lini, na kwa jambo gani. Jina la nyumbani mlitaje pia, lakini mwisho. Kama hayupo, ulizeni: kuna waliotoka Dakawa jana, wamepelekwa wapi? Maana hata akihamishwa, huandikwa."

"Hawaweki majina kwenye mtandao?" niliuliza. "Ningemtafuta kwenye simu."

"Hapa kwetu ni kwa miguu na kwa mdomo, Semeni. Mtu akikutumia ujumbe ulipie ili uone jina la ndugu yako, huyo ni tapeli. Kuuliza kituoni ni bure. Na dhamana ya polisi nayo haiuzwi."

"Tukikosa kabisa?"

"Mahakamani. Mtu aliyekamatwa anatakiwa kufikishwa huko ndani ya saa ishirini na nne, kama hajapewa dhamana. Karani ana orodha ya kesi za siku. Na kama hakimu amempeleka rumande, gerezani nako getini wana kitabu. Mtu hapotei kwenye vitabu vyote hivyo. Sisi ndio tunampoteza, kwa kuuliza nusu."

Kisha akanitazama. "Ana kadi ya kliniki?"

"Iko nyumbani."

"Ichukue. Mwambie afande mapema kuwa ni mgonjwa. Na mpite kwa mwenyekiti wa mtaa, awaandikie barua ya utambulisho. Mdhamini anahitaji barua na kitambulisho chake."

"Mdhamini si lazima mwanamume?" mama aliuliza.

"Nani kasema? Mtu mzima anayejulikana anapoishi. Wewe unatosha."

"Semeni atalisema hilo jina," mama alisema. "Mimi siwezi. Kaka yangu atasononeka kaburini."

Mama Kelvin alimsogelea, akaongea kwa upole. "Mama, marehemu alimpenda huyu kijana?"

"Alimlea. Alikuwa anambeba mgongoni mpaka kliniki."

"Basi angetaka nini leo? Jina lake litajwe, au mtoto ameze dawa?"

Mama aliinuka, akajifunga kanga upya.

Saa kumi tulikuwa tumerudi kwenye kaunta ile ile, na askari yule yule.

"Mama wa kaka," alisema, lakini kwa adabu.

Nilinyoosha karatasi yenye jina. Mama aliushika mkono wangu, akaurudisha.

"Mwanangu," alimwambia askari, "nilikuuliza vibaya. Namtafuta mtoto wangu wa kumzaa. Anaitwa Rehani Athumani Said. Ana miaka ishirini na sita. Alikamatwa jana jioni Dakawa, kwenye ugomvi wa mfereji. Ana kifafa na hajameza dawa tangu jana."

Kidole cha askari kilishuka, kikasimama.

"Yupo, mama. Ameingia jana saa moja usiku. Yuko hapa ndani."

Mama alishika ukingo wa kaunta. Akageukia mlango wa nyuma, akaita, sauti yake ikiwa nyembamba.

"Rehani."

Palikuwa kimya. Nadhani hata yeye huko ndani ilimbidi akumbuke.

"Naam, mama."

Miaka mitatu alikuwa anamwita dada. Mama alifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika. Mimi nilikuwa nahangaika na kifuniko cha kopo, hakifunguki.

Askari alisoma kadi ya kliniki, akaandika kitabuni kwamba ni mgonjwa, akamleta Banzi kaunta na kikombe cha maji. Macho yalikuwa yamemlegea na midomo imemkauka, lakini alikuwa amesimama kwa miguu yake.

"Ulimwambia afande kama unaumwa?" nilimuuliza.

"Niliona aibu. Tulikuwa wengi."

"Aibu yako hiyo utaimeza na maji? Meza kidonge."

Akameza. Askari akasema, "Siku nyingine useme, ndugu. Sisi hatuwezi kuona kifafa usoni."

Maelezo yake yalikuwa yameshachukuliwa. Mkuu wa kituo aliangalia barua ya mwenyekiti na kitambulisho cha mama, akampa mama fomu ya dhamana. Nilimsomea kila mstari kabla hajatia sahihi. Hatukuombwa kitu. Banzi aliambiwa aripoti Ijumaa. Aliripoti Ijumaa hiyo na nyingine mbili, mpaka wenye mashamba walipoeleza kuwa yeye alikwenda kuamua. Polisi wakamwambia hana tena shauri.

Jumapili ya wiki ile ile aliyokamatwa, mama aliwaita wazee wa ukoo akawaambia alichofanya. Nilidhani watamkaripia. Mzee Mansuri, aliyemvika Banzi kanzu, alikunywa uji wake wote kwanza.

"Jina la ukoo tumempa sisi," alisema. "Hatukumpa ili lituzuie kumpata."

Wakakubaliana kwamba mbele ya afande, karani au daktari, jina la kitambulisho litajwe na hakuna aliyekosea. Nikapewa kazi ya kupita kila nyumba na daftari. Niliandika majina kamili ya kila mtu, namba ya kitambulisho, na ugonjwa wake kama anao. Kila nyumba ilibaki na nakala. Banzi sasa hutembea na kadi yake ya kliniki na vidonge vya siku mbili mfukoni.

Juzi asubuhi mama mdogo Mwanaheri alikuja mbio. Kijana wake amechukuliwa kwenye ukaguzi wa pikipiki, na naye amerithi jina la babu. Alianza kulia tangu mlangoni.

Mama alimkalisha, akamwambia, "Lia, lakini kwanza niambie baba yake alimwita nani."

Wakachukua nakala, wakapitia barua kwa mwenyekiti, wakaenda wawili. Saa saba walirudi watatu, wanakula mahindi ya kuchoma.