Mti wa Nondo

Msinicheke, hili lilimkuta shoga yangu Sidonia. Ndiyo kwanza ameolewa Gulwe, msitu wenyewe haujui, akaenda kuokota kuni na wifi yake Rose. Wanawake kule huitana ili wasipoteane. Wingu likafunga, giza saa nane mchana. Sidonia akaita, Rose akaitika, naye akaifuata sauti hadi kwenye mti uliojaa nondo wakubwa, vipepeo wa usiku wale wasio na mdomo, hawali mpaka wanakufa. Mtu hakuna. Akampigia Rose simu.

“Mimi niko nyumbani kitambo, wifi,” Rose akacheka. “Niliona wingu, nikakuacha.”

“Umeniacha, Rose? Na njia siijui?”

Mabawa yakapiga fyaa, kisha kimya. Pale kwenye gome, sauti ya Rose ikasema taratibu, “Usimsikilize huyo, wifi. Kata simu.”